Wimbo wa Mwanafunzi Mbele ya Mhakiki: Namna ya Kutoa Maoni Yanayojenga

Mwalimu mwenzangu, bila shaka limekufika hili. Umeketi katika chumba cha walimu, madaftari ya insha yamekuelemea, mara mwanafunzi anabisha hodi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, nimetunga wimbo. Ningeomba uuangalie." Pengine hana karatasi hata, ana rununu aliyoazima, au flashi, na ndani yake mna wimbo uliokwisha kurekodiwa, ngoma na gitaa na yote. Nawe mtahiniwa unayesoma makala haya, huenda ndiwe unayebisha hodi, au ndiwe rafiki anayeombwa asikilize nyuma ya bweni. Utasema nini?

Wengi wetu husema mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni "Vizuri sana, endelea vivyo hivyo." Maneno haya ni ya upole, lakini hayamfai mtunzi hata kidogo, kwani hajui aendelee na kipi. La pili ni kuchukua kalamu nyekundu na kufanya kile tulichofundishwa chuoni: kuhesabu mizani, kupigia mstari vina visivyo na urari, kuandika pembeni "arudhi zimekiukwa". Mimi nilikuwa mtu wa aina ya pili. Nitakueleza yaliyonipata, kwa sababu bila kisa hicho singekuwa na la kuandika hapa.

Mwaka wa 2017, muhula wa pili, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea wimbo. Hakuniambia unahusu nini. Nilisoma kichwa, nikasoma ubeti wa kwanza, nikatoa kalamu. Ubeti wenyewe ulikuwa hivi (ameniruhusu niuchapishe, ila jina lililomo nimeliacha nje):

Ulitoka asubuhi, chai hujaimaliza,
Kikombe kiko mezani, mama hataki kukiosha,
Barabara umemla, hata hukusema pole,

kisha, mahali pa mshororo wa nne, jina la mtu, mara tatu. Basi.

Hebu tuutazame kwa macho niliyokuwa nayo siku ile. Vina vya ukwapi ni hi, ni, la. Vya utao ni za, sha, le. Hakuna kinacholingana na mwenzake. Mshororo wa pili una mizani minane katika ukwapi na tisa katika utao. Mshororo wa nne si mshororo, ni jina tu. Niliandika: "Vina havina urari. Mizani haijatoshelezwa. Mshororo wa mwisho haujakamilika. Rudia." Nikamrudishia na nikajiona nimemtendea haki. Si ndivyo Sheikh Kaluta Amri Abedi alivyotuwekea sheria katika kitabu chake cha mwaka wa 1954?

Alirudia. Wiki moja baadaye aliniletea huu:

Dunia ni mapitio, binadamu ni safari,
Mauti ni azimio, hayachagui tajiri,
Nina wingi wa kilio, moyo hauna hiari,

na mshororo wa nne uliomshukuru Mungu kwa yote. Hesabu mwenyewe: minane kwa minane, mwanzo hadi mwisho. Vina vya kati o, vya mwisho ri. Nilimpa alama zote. Nilimwambia aubandike ubaoni.

Mpenzi msomaji, soma hizo beti mbili tena, moja baada ya nyingine. Chai imekwenda wapi? Kikombe kiko wapi? Mama amekwenda wapi? Na yule mtu aliyeitwa kwa jina mara tatu ameondolewa kabisa, kwa kuwa jina lake halina kina cha ri. Nilikuja kujua baadaye kwamba lilikuwa jina la kakake, aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki njiani kwenda kazini. Kijana alikuwa ameniletea mbolezi. Kwa kalamu yangu nikamfanya aandike wosia usiomhusu mtu yeyote, maneno ambayo yangeweza kusomwa kwenye maziko yoyote katika kaunti yoyote.

Tumezoea kuhakiki kazi zilizochapishwa. Mtunzi hayupo darasani. Wakati mwingine amekwisha kufariki. Tukimwelewa visivyo, haumii, na kitabu hakibadiliki. Hivyo tumejenga tabia ya kusema na kazi kana kwamba ni maiti mezani: hii ni tashbihi, hii ni tashihisi, huu ni ukiushi. Uhakiki wa aina hiyo una kazi yake, na mtahiniwa asiyeuweza ataumia katika karatasi ya tatu. Ila kazi ya mwanagenzi ingali ikifinyangwa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Neno utakalolitamka litaingia ndani ya udongo huo na kuubadilisha, na huenda likaubadilisha kwa ubaya, kama langu lilivyofanya.

Ningefanyaje? Kwanza, ningemwuliza alitaka wimbo ufanye nini na uimbwe wapi. Swali hili ni dogo lakini ndilo kipimo cha yote yanayofuata. Wimbo wa kuchapuza kazi, yaani hodiya, hupimwa kwa kama jembe litashuka pamoja na pigo. Bembea hupimwa kwa mtoto anayesinzia. Mbolezi, kama tunavyowafundisha wanafunzi wenyewe katika fasihi simulizi, huimbwa kuomboleza, humtaja marehemu, hueleza alivyokuwa na pengo aliloacha, na mara nyingine humkabili kifo uso kwa uso na kumlaumu. Sasa tazama: ubeti wa kwanza wa yule kijana una marehemu aliyetajwa, una pengo (kikombe), una lawama (barabara umemla). Una kila kitu tunachodai mbolezi iwe nacho. Mimi nilimpima kwa kanuni za tarbia, bahari ambayo hakusema anatunga.

Pili, ningemrudishia nilichosikia kabla ya kumwambia ninachofikiri. "Nimeona mama aliyekataa kuosha kikombe." Basi. Mtunzi mchanga hajui ni kipi katika kazi yake kimefika na kipi kimebaki kichwani mwake. Ukimwambia picha iliyokubakia akilini, umempa habari ambayo hawezi kuipata peke yake. Na hapa ndipo penye tofauti ya sifa tupu na sifa yenye faida. "Wimbo wako una hisia nzito" ni sifa tupu. "Mshororo wa pili ulinisimamisha, kwa sababu hukusema mama analia, ulisema hataki kuosha kikombe" ni sifa yenye faida, kwani inampa njia ya kuurudia uzuri ule mahali pengine.

Tatu ni mizani, na hapa naomba nikawie kidogo, maana ndiko walimu wa Kiswahili tunakokosea zaidi tunapokutana na wimbo. Shairi lililo karatasini huhesabiwa kwa silabi. Wimbo unaoimbwa huhesabiwa kwa pigo. Silabi moja yaweza kuvutwa ikajaza mapigo mawili au matatu, na silabi mbili zaweza kubanwa katika pigo moja. Neno "kukiosha" lina silabi nne kitabuni: ku-ki-o-sha. Mdomoni mwa mwimbaji, ki na o hukaribiana zikawa kama silabi moja, na utao ule wa mizani tisa unaketi vizuri ndani ya mapigo manane. Kosa nililoliwekea alama nyekundu halikuwako katika wimbo. Lilikuwa katika karatasi. Ningalimwomba auimbe kabla ya kuhesabu, ningalisikia. Toka siku hiyo sihesabu mizani ya wimbo wowote kabla ya kuusikia ukiimbwa, hata kama mwimbaji ana sauti ya chura.

Hili si jambo geni kwa washairi wetu. Pwani ya Kenya, ushairi na uimbaji ni ndugu. Mwimbaji maarufu wa taarabu, Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 2014, aliimba tungo nyingi za binamu yake Ahmad Nassir, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka wa 1971. Mmoja alitunga maneno, mwingine akayatafutia mahadhi. Tukisoma tungo za aina hiyo darasani kwa macho matupu tunasoma nusu ya kazi.

Narudi kwa kijana wangu. Muhula wa tatu, mwalimu wa muziki aliniita katika chumba cha tarakilishi akaniambia, "Sikiliza hiki." Kumbe ule wimbo wa kwanza haukutupwa. Yule mwanafunzi na mwenzake walikuwa wameurekodi, kikombe na jina na yote, wakitumia programu ya Audacity, ambayo hailipiwi na imekuwako tangu mwaka wa 2000. Walikuwa na maikrofoni moja ndogo, gitaa, ngoma iliyotolewa kwenye tarakilishi, na kayamba halisi. Nakiri niliona aibu. Nilimwita mtunzi, nikamwomba radhi, nikamwomba tena ruhusa ya kutoa maoni. Alisita. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu, lakini jina sitoi."

Nilipousikiliza, kitu cha kwanza kilichonigutusha kilikuwa neno "barabara". Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: baraBAra, njia ya magari. Kuna neno jingine lenye herufi zile zile, ila mkazo wake uko nyuma zaidi: baRAbara, maana yake sawasawa, vilivyo, bila kasoro. Wanafunzi wetu hulijua jambo hili katika somo la shadda, pamoja na walaKIni na waLAkini. Sasa, mahadhi ya yule kijana yaliipandisha silabi ya pili na kuivuta, na pigo zito la ngoma likaangukia papo hapo. Masikio yangu yakasikia: "BaRAbara umemla!" Yaani, vyema, umemla sawasawa. Mbolezi ikageuka shangwe kwa neno moja, na wala mtunzi hakujua.

Nilimwambiaje? Singemwambia "umekosea shadda"; tulikwisha kupita hapo. Nilimwomba aiseme sentensi ile kama mtu anayeisemesha barabara kweli, bila kuimba. Akaisema. Nikamwomba aiimbe. Akaiimba, akanyamaza, akaiimba tena, akacheka kidogo. Alikuwa amesikia mwenyewe. Suluhisho alilitafuta yeye: akaanza neno mapema, silabi mbili za mwanzo zikatangulia kabla ya pigo, na BA ya tatu ndiyo ikaipokea ngoma. Ilichukua chini ya dakika tano. Mahadhi hayakuharibika.

Kumbuka mbinu hii, mwalimu: mfanye mtunzi aseme maneno yake kwa sauti ya kawaida kabla ya kuyaimba. Makosa mengi ya wimbo wa Kiswahili hujitokeza hapo.

Suala la pili lilikuwa mchanganyo wa sauti, yaani jinsi sauti ya mwimbaji, gitaa, ngoma na kayamba zilivyopangwa pamoja na kila moja kupewa kiwango chake. Huenda ukauliza mwalimu wa fasihi anatafuta nini huko. Si kazi ya mafundi wa studio? La hasha. Maneno yasiyosikika hayana fani wala maudhui. Ukiwafundisha wanafunzi kwamba uwasilishaji ni sehemu ya fasihi simulizi, basi mchanganyo nao ni uwasilishaji. Tena huhitaji kujua majina ya vidhibiti vyote. Unahitaji masikio na uvumilivu.

Katika wimbo ule, neno "kukiosha" halikusikika. Nilisikia "kukio-a". Kayamba ilikuwa imeimeza sh. Hili lina sababu yake. Sikio la binadamu kijana husikia sauti za mitetemo ipatayo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Uzito wa sauti ya mwimbaji, ule unaotokana na nyuzi za sauti, uko chini, kwenye mamia ya mitetemo. Lakini konsonanti zinazotenganisha neno na neno, hasa s, sh, f, t na k, ziko juu zaidi, takriban kuanzia 2,000 hadi 8,000. Kayamba na matoazi yanaishi mtaa huo huo. Wakiimba pamoja kwa nguvu sawa, irabu zitapita na konsonanti zitafunikwa. Na katika Kiswahili konsonanti moja ikipotea maana nzima huyumba: fua si vua, na osha si oa. Fikiria mama ambaye "hataki kukioa" kikombe!

Mtunzi wetu alitaka kupandisha sauti yake juu. Hivyo ndivyo kila mwanagenzi hufanya. Kisha gitaa linapotea, naye analipandisha gitaa, kisha ngoma, mwisho kila kitu kimegonga dari na sauti inapasuka. Nilimwuliza, "Kayamba ikinyamaza wakati wa mshororo wa pili, tutapoteza nini?" Akajaribu. Kayamba ikarudi kwenye jina. Hatukupoteza chochote, tukapata kikombe.

Kulikuwa pia na mwangwi mwingi, kana kwamba ameimbia ndani ya kanisa tupu. Wengi huongeza mwangwi kwa sababu huficha kasoro za sauti, na kweli huzificha, pamoja na maneno. Nilimwuliza ni wapi katika wimbo alitaka tuhisi nafasi tupu. Akasema kwenye jina. Basi mwangwi ukabaki kwenye jina pekee, na beti zikawa kavu, kama mtu anayeongea nawe jikoni. Hapa mtahiniwa atakubaliana nami kwamba tunaongea juu ya taswira na toni, japo hatujataja istilahi hata moja.

Jambo moja la kuangaliwa sana ni ukubwa wa sauti. Walikuwa na matoleo mawili, la zamani na jipya. Tulipoyacheza mbele ya wanafunzi wengine, karibu wote walilipenda la zamani. Nilishangaa, hadi mwalimu wa muziki alipotambua kuwa la zamani lilikuwa limerekodiwa kwa sauti kubwa zaidi. Tuliposhusha sauti yake hadi ikalingana na jipya, watu wakabadili mawazo. Hii si ajabu. Tangu mwaka wa 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti nyembamba vizuri sauti ikiwa ndogo; ikiongezwa, vyote hivyo hujaa. Kwa hiyo chenye kelele zaidi hudhaniwa ni kizuri zaidi. Usitoe maoni juu ya matoleo mawili kabla ya kuyalinganisha ukubwa. Usisikilize kwa hedifoni nzuri peke yake pia. Cheza kwenye rununu ya bei nafuu: kipaza sauti chake kidogo hakiwezi kutoa besi, na wimbo unaotegemea ngoma pekee utabaki kama kuku anayechakura bati. Kisha shusha sauti hadi iwe ya chini kabisa. Ukisikia bado maneno, mchanganyo huo umesimama.

Sasa kuhusu lugha. Nyimbo nyingi tunazoletewa zina Sheng, na walimu wengi huzikataa mlangoni. Mimi huuliza nafsineni ni nani. Ikiwa anayesema ni utingo wa matatu, Kiswahili cha hotuba kitamvua nguo. Ikiwa ni mama anayeomboleza kijijini, Sheng itamfanya atushangaze bila sababu. Uhuru wa mshairi upo, tena tunaufundisha: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Lakini uhuru ni wa kuchaguliwa. Kijana akiandika "kikombe iko mezani", sikimbilii kusahihisha. Humwuliza kama anayesema huzungumza hivyo. Akijibu ndiyo na akanionyesha mahali pengine mhusika huyo anapozungumza hivyo, ninamwachia. Akijibu "sikujua, Mwalimu", tunarudi kwenye ngeli ya KI-VI bila kuoneana haya.

Kuhusu darasa zima, nitasema machache. Wimbo ukisikilizwa darasani, mimi huweka masharti mawili. Kwanza, hakuna ruhusa ya kutumia maneno "mzuri" na "mbaya" katika duru ya kwanza. Pili, kila anayesema ataje mahali: mshororo gani, au dakika ya ngapi. "Nilipotea kwenye dakika ya kwanza, baada ya kibwagizo." Mtunzi ananyamaza hadi wote wamalize, akianza kujitetea mapema, atasikia nusu tu. Darasa likiwa na wanafunzi hamsini na zaidi, gawanya makundi, maana mtu mmoja hawezi kuyameza maoni hamsini. Hata mimi siyawezi.

Mtahiniwa, usidhani haya hayakuhusu. Unapoulizwa katika mtihani kueleza umuhimu wa takriri, mara ngapi umejibu "imetumika kusisitiza"? Kusisitiza nini, na kwa nini hapo? Aliyewahi kumwambia rafiki yake kwamba jina likiitwa mara moja linasikika kama taarifa, likiitwa mara ya pili linasikika kama mwito, na mara ya tatu linasikika kama mtu anayejua hataitikiwa, huyo hatakosa la kuandika. Amekwisha kuona takriri ikifanya kazi, tena kwa mtu anayemjua.

Wengine wameniuliza kama upole huu hautalea uzembe. Ni swali la haki. Washairi wetu wa zamani hawakuwa wapole. Walijibizana, mmoja akimrekebisha mwenzake kwa beti kali, na kwa miaka mingi kurasa za mashairi katika Taifa Leo zilijaa majibizano ya namna hiyo. Lakini tazama vizuri: aliyejibu alijibu kwa kutunga. Alilazimika kumsoma mwenzake neno kwa neno, kushika bahari yake na vina vyake, ndipo amwambie kosa. Ukali wake ulikuwa umelipiwa jasho. Kalamu nyekundu iliyosoma kichwa na ubeti mmoja haijalipa chochote. Kuwa mkali ukitaka, ila usikilize mara tatu kwanza.

Nikiwa na karatasi ile ya mwaka wa 2017 mezani leo, nadhani ningeandika hivi: "Nimeusoma, ila ningependa kuusikia. Kikombe ambacho mama hataki kukiosha kimenibakia akilini; usikiguse. Mshororo wa tatu unaisemesha barabara ghafla, nami sikuwa nimejua bado kwamba mtu amefariki. Je, ulitaka nigutuke hivyo, au kuna mshororo umeuruka? Jina mara tatu: niimbie nisikie kama zote ni sawa. Ubeti wa pili na wa tatu tutaongea baadaye. Njoo siku ya Alhamisi baada ya michezo, uje na mwenzako wa gitaa." Ni maneno mengi kuliko ya kalamu nyekundu niliyoyajaza karatasini wakati ule, ukiondoa mistari na duara. Sikumtajia vina. Angeviona mwenyewe kama wimbo ungevihitaji, na haukuvihitaji.

Si kila nililomshauri alilikubali. Mwishoni mwa wimbo waliweka mlio wa pikipiki unaotoka mbali, unakaribia, unapita. Nilimwambia autoe, nilimwambia kwamba jina limekwisha kutuliza, na mlio ule unatueleza kile tulichokwisha kuelewa. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Hakuutoa. Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi tangu hapo, na bado naona mlio umezidi kwa sekunde nne au tano hivi. Tulipokutana mwaka jana nilimwambia tena. Alinijibu kwamba siku ile, akiwa mlangoni, ndivyo alivyousikia ukiondoka.